Mpigie Dogo, hakutufungisha yeye

Mwadila kaka,

Za Dar? Za joto na foleni? Huku Mwanza wazima wote, dagaa wamepanda bei, mvua inakuja inavyojisikia, na mama yako nilikutana naye Jumapili anatoka misa akaniuliza eti umebadilisha namba, nikamwambia mama namba ni ileile ila mwenye simu ndiye kabadilika. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hii, au bora hata kabla hujamaliza, mpigie. Halihusiani na ninachotaka kukuomba ila nisingelisema sasa hivi ningelisahau. Shemeji hajambo? Mtoto kaanza kutembea?

Haya. Nimeamua kuandika maana ukinipigia tutaanza na Simba na Yanga mpaka salio liishe, na voisi nazo nikianza kuongea napandwa na hasira nafuta. Jambo lenyewe ni Dogo. Hajaonekana mazoezini tangu ile mechi ya kriketi na jamaa wa mjini, na ninavyomjua mtu pekee atakayemsikiliza ni wewe, maana ndiye uliyemshikisha mpira ukamwonyesha mshono unakaa wapi na vidole vinakaa wapi, mimi kwake ni kaka wa timu tu.

Matokeo najua umeshayaona. Kwenye grupu wameandika tumefungwa kwa mikimbio 2, yaani pointi mbili tu, Dogo katolewa ranauti, yaani stampu, vile vijiti vitatu, zimepigwa kabla hajamaliza kukimbia, basi. Chini yake vikatuni vya kulia kumi na Bonge kaweka ile stika yake ya mbuzi. Mtu akisoma pale anadhani mechi nzima ilikuwa mpira mmoja. Ndio maana nataka nikupe ilivyokuwa kweli, halafu uone mwenyewe kama huyu mtoto anastahili anachofanyiwa.

Tulicheza pale shuleni, ova 20 kila upande, kila ova mipira sita. Usiku mvua ilikuwa imepiga, mkeka tunaochezea ukalala umelowa, tukaukuta mzito tukauburuza juani lakini wapi, tukautandika hivyohivyo juu ya sementi tukapigilia misumari. Kapteni kashinda tosi akasema tunarusha kwanza, na hapo simlaumu, kwa mkeka ule hata mimi ningerusha. Na kweli, jamaa walipata tabu. Mpira ukitua upande uliolowa unateleza chini kwa chini, ukitua upande ulioanza kukauka unaruka hadi kifuani, wakawa hawajui wasimame mbele au nyuma. Dogo ndio usiseme. Ova 4, moja haikutoka hata mkimbio, jumla katoa mikimbio 9 akachukua wiketi 3, yaani kawatoa wapigaji watatu. Ile ya kwanza ungekuwepo ungelia. Kamrushia yule mpigaji wao wa kwanza, yule mwenye helmeti mpya, mpira kama unakwenda nje kabisa, jamaa kanyanyua bati, kile kibao cha kupigia, juu auache upite, mpira ukagusa ukingo wa mkeka pale penye msumari ukarudi ndani ukagonga stampu ya pembeni, yaani tii, tena kidogo tu, kile kijiti cha juu kikafikiria kwanza ndio kikaanguka. Jamaa kasimama anaangalia mkeka. Ampaya mwenyewe kacheka.

Wakawa 38 kwa wiketi 8, yaani mikimbio 38 na wapigaji 8 wameshatoka. Thelathini na nane kaka! Sisi tayari tunaulizana nani kabeba hela ya soda.

Sasa hapo ndipo mechi ilipokwenda, na hapo ndipo kwenye grupu hapasemwi. Badala ya kumwacha Fundi amalizie, maana Fundi alikuwa na ova zake na mkono wake umetulia, Kapteni kajirudisha mwenyewe. Alitaka hizo wiketi mbili za mkia, tusidanganyane, unamjua. Akaanza kurusha kwa nguvu zote na mkeka umeshaanza kukauka, mpira unamtoka mkononi unakwenda anakotaka yeye mpira. Waidi, mpira umepita mbali mpigaji haufikii. Waidi. Waidi nyingine kipa karuka hakuipata ikaenda hadi kwenye korongo wale wanaozungukia pipa la jikoni. Halafu Mwalimu akadondosha kachi, ile ya kitoto kabisa, mpira umeshuka tumboni kwake kaukumbatia ukapitia katikati ya mikono, jamaa alikuwa na 4, akaenda kumaliza na 17. Wakatoka wote kwa 71.

Narudi kwenye hizo waidi baadaye kidogo.

Mapumziko tukanywa chai na mihogo tunacheka. 72 kwa ova 20, hata mikimbio minne kwa ova haifiki, ukipiga singo singo tu bila kujitutumua unafika. Nilisema. Babu wa daftari, anayetuandikia alama, naye akasema. Bonge akasema nyie wazee ngoja niwamalizie mapema muwahi nyumbani. Akaingia, mpira wa tatu kapiga sita, ukatoka nje bila kugusa chini ukapita juu ya paa la jiko, makofi, na ule unaofuata akataka tena uleule, ukampita ukagonga katikati ya stampu. Anayemfuata naye kaona Bonge kapigiwa makofi akataka yake. Tukawa 24 kwa 4, halafu 39 kwa 6, na watu wote waliotoka wanarudi wanalaumu mkeka.

Unakumbuka ile mechi ya Waganda, Kombe la Dunia la T20, yaani mechi za ova 20, mwaka 2024 kule Guyana? Papua New Guinea wametolewa wote kwa 77, kila mtu kasema Uganda hiyo ni ya kuokota, mara Uganda wako 26 kwa wiketi 5. Mpigaji wao Riazat Ali Shah akakaa pale akapiga 33 kwa mipira 56. Mipira 56 kwenye T20, mtu angemzomea, na ndiye aliyewashindisha kwa wiketi 3, ushindi wao wa kwanza Kombe la Dunia. Na mrushaji wao mzee Nsubuga, miaka 43, ova zake 4 katoa mikimbio 4 tu na wiketi 2, wewe ukaniambia mimi nikifika huo umri nitakuwa mtunza daftari. Sasa hao ni jirani zetu hapa ng'ambo ya ziwa, si watu wa mbinguni. Mechi ya mikimbio michache inachezwa kwa kukaa. Bonge hiyo mechi aliiangalia pamoja na sisi, tena kwa bando langu!

Mwalimu angalau alikaa. Kachi kadondosha lakini bati kalishika, kapata 11 kwa kuganda ganda, mimi nikaingia naye tukasogea. Alipotoka tukawa 58 kwa 8, kidogo tena 61 kwa 9, na anayeingia ni Dogo.

Hebu mwone anavyoingia. Pedi ndogo, zile kinga za miguu zilizoletwa mwaka juzi, hazijulikani zilipo, kila mtu anasema ziko kwa mwenzake, kwa hiyo kavaa za Bonge. Zinamfika mapajani. Mkanda mmoja wa mguu wa kulia ulishakatika zamani, umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kile kipande kimefungwa fundo kubwa upande wa ndani, kwa hiyo akitembea magoti hayakutani vizuri, anatembea amepanua miguu. Watu wakaanza kucheka huko nje. Yeye kaja moja kwa moja kwangu kaniuliza, kaka tunahitaji ngapi, nikamwambia 11, akasema sawa. Sawa tu. Halafu akacheza mipira yake kwa utulivu ambao Bonge hajawahi kuwa nao tangu azaliwe. Bati limenyooka, kiwiko juu, ule wa nje anauacha upite.

Tukafika ova ya mwisho tuko 66, tunahitaji 6. Mpira wa kwanza nikapata moja. Wa pili Dogo kaukosa. Wa tatu kausukuma pembeni tukapata moja, 68, tunahitaji 4 kwa mipira 3. Wa nne ukaja miguuni kwangu nikaupiga vizuri sana, kaka sijisifu lakini niliupiga, ukaenda upande wa ule mwamba mkubwa. Unakumbuka sheria ya pale, mpira ukigusa mwamba ni nne, mzozo hakuna. Nne ni mechi. Ukapita pembeni ya mwamba, hatua moja tu, ukapotelea nyuma yake.

Sasa kule nyuma sisi hatuoni kitu. Tulipomaliza mkimbio wa kwanza nikaangalia, hakuna mtu, nikaita mbili. Mimi ndiye niliyeita na hata leo ukinirudisha pale naita. Na Kapteni huko nje, huyuhuyu, nilimsikia kwa masikio yangu anapiga kelele mbili! mbili! Kumbe kuna jamaa yao tangu mchana alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha mwamba, alikuwa kakaa kule hata hachezi, mpira umemfuata miguuni kwake. Katokea tu upande wa pili karusha hata hajaangalia vizuri, stampu ile ya Dogo, moja kwa moja. Dogo alikuwa kabakisha kama urefu wa bati. Anasema tyubu ilikatika alipogeuka, na ni kweli, nilikuja kuiokota mwenyewe pale mkekani.

69 wote nje. Wakaanza kukumbatiana wale jamaa hata aibu hawana, yule wa kwenye kivuli wakambeba juu.

Kapteni akatupa kofia chini akamwambia mbele ya watu wote, wageni wapo, watoto wa shule wapo, kukimbia tu umeshindwa? Dogo hakujibu. Kavua pedi, kazipangusa vumbi, kaziweka kwenye begi zikiwa zimeangaliana vile ulivyomfundisha, kachukua kandambili zake akaondoka. Soda yake kainywa Bonge.

Jioni nikakaa na Babu na daftari lake. Wao mikimbio 71, iliyotoka kwenye bati ni 47. Hiyo 24 iliyobaki tumewapa sisi bure: waidi 16, noboli 2 za kurusha kinyume cha sheria, bai 6 za mipira ambayo haikugusa bati wakakimbia. Hakuna mpigaji wao hata mmoja aliyefika 24, yaani mfungaji wao bora tulikuwa sisi. Na kwenye hizo waidi 16, 7 ni za Kapteni peke yake, ndani ya ova 2. Saba kaka! Tumefungwa kwa 2. Kila waidi ni mkimbio mmoja na ni mpira mwingine wanapewa wacheze, mwenyewe unajua. Fundi hakurusha hata moja siku nzima.

Babu ndipo akaanza ile hadithi yake ya 1999, safari hii nikamwacha aimalize. Nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Edgbaston, Uingereza, Australia 213, Afrika Kusini wanafuata, ova ya mwisho wanahitaji 9 na wiketi imebaki moja. Klusener kapiga nne, kapiga nne tena, wako sawa kwa sawa, unahitajika mmoja tu na mipira iko 4. Halafu ule wa nne Klusener kakimbia, Allan Donald kaganda, bati limemwanguka, auti, 213 kwa 213, na Australia wakapita kwa sababu walikuwa juu yao kwenye msimamo wa hatua iliyotangulia, wakaenda kulibeba kombe. Hayo tunayajua wote. Ila Babu akaniuliza, na Donald siku hiyo alirusha vipi? Sikujua. Wiketi 4 kwa mikimbio 32. Ndiye pamoja na Pollock waliowabana Australia hadi 213, bila yeye kusingekuwa na hiyo ova ya mwisho yenyewe. Lakini muulize mtu yeyote leo kuhusu Donald na ile mechi, atakuambia alidondosha bati. Na Nepal hawa wa Kombe la T20 la 2024, Afrika Kusini 115, Nepal 114, mpira wa mwisho tena ranauti, safari hii Afrika Kusini ndio waliopona. Anayetoka mwisho ndiye anayebaki kwenye picha, waliotoka mwanzo kwa uzembe wameshavua pedi wanakula mihogo.

Nilimwambia Kapteni. Sikumficha, nilimwambia saba zile ni zako. Kanuna. Sasa hivi tunasalimiana kwa dole gumba kwenye grupu, na amesema kama najua sana nichukue mimi ukapteni, na mimi kwa kweli... acha, hilo tutaliongea ukija.

Dogo nilimfuata Mwaloni, kwa shangazi yake, wanapaki dagaa. Kanisalimia vizuri sana, shikamoo kaka, kaniletea kiti, halafu kaendelea kufunga magunia. Nikamwambia Jumamosi tunakutana saa tisa. Akasema kaka nina kazi. Nikamwambia tyubu niliiona. Akasema ndio kaka. Hapo nikashindwa, unajua mtu akikuitikia ndio kwa kila kitu ndio hakutaki kabisa. Shangazi yake ndiye aliyenisindikiza akaniambia huyu usiku anarusha ndimu ukutani, kelele tupu, majirani wanalalamika. Kwa hiyo mchezo haujamtoka. Watu ndio wamemtoka.

Sasa ombi langu. Mpigie. Usianze na mechi, na usimwambie nimekutuma, atajua tu lakini usimwambie. Muulize kuhusu ule mpira wa kwanza uliomtoa mwenye helmeti, mwache akueleze aliushikaje, akianza kueleza hatanyamaza. Mwambie kuhusu vijana wetu wa taifa wa chini ya miaka 19 waliofuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kabisa kwa Tanzania, wale ni watoto wa rika lake. Mimi nikimwambia anaona namfariji. Wewe uko huko, unawaona wanaocheza kila wikiendi, akisikia kwako ataamini.

Na kama unaweza, nitafutie pedi za size yake, hata zilizotumika, mradi mikanda ni mizima. Hela nitakutumia mwisho wa mwezi, safari hii kweli. Usinunue za bei ya mjini, muulize yule jamaa yetu wa Upanga, yeye huwa nazo za watoto wake walioacha kucheza. Mpe dereva wa basi, mimi nitazifuata stendi Nyegezi.

Unakuja lini lakini? Ulisema Pasaka, halafu ukasema likizo, sasa ni ipi? Utapita Dodoma au unakuja moja kwa moja? Na ile bati yako uliyoiacha kwa Fundi, unaitaka au nimpe Dogo aitumie? Hivi ulipoondoka zile pedi ndogo ulimwachia nani, maana kuna mtu anasema mara ya mwisho zilionekana kwenye buti la gari la Kapteni na mimi sitaki kuanzisha vita nyingine kabla sijathibitisha? Na mtoto mmemwita nani jamani, mama yako kanitajia jina moja na shemeji kwenye stetasi kaweka jingine?

Nijibu kabla ya Jumamosi. Ukishaongea na Dogo nitumie meseji hata neno moja tu, kaja au hajaja, nijue nibebe pedi ngapi.

Wabeja sana.

Ni mimi, nduguyo wa Kirumba